Wasichana na kompyuta shuleni: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya huletwa na walimu, wazazi na wasichana wenyewe, na mengi hurudi kila muhula mpya unapoanza. Kila jibu linajitegemea, kwa hiyo unaweza kuanzia popote. Jambo likiwa limeshaelezwa kwingine, tumetaja namba ya swali la kurejea.

## Mambo ya msingi

1. Kuprogramu ni nini hasa?

Ni kuipa kompyuta maelekezo, hatua kwa hatua, kwa lugha inayoielewa. Kompyuta haibahatishi ulichokusudia, inatekeleza ulichoandika. Ukiiambia "nenda hatua 100, geuka digrii 90" na irudie mara 4, itachora mraba. Ukitaka umbo la pembe 6 unabadilisha namba mbili tu: irudie mara 6, igeuke digrii 60, kwa kuwa mzunguko mzima ni digrii 360. Irudie mara 5 ikigeuka digrii 144, utapata nyota.

Msichana akiiona nyota hiyo inachoreka kwa namba alizoandika mwenyewe, huna haja tena ya kumweleza kuprogramu ni nini. Ataanza kukuuliza nyota ya pembe 7 inachorwaje.

2. Binti yangu hataki kuwa mtaalamu wa kompyuta. Ajifunze ya nini?

Kwa sababu kazi yoyote atakayoichagua itaendeshwa kwa programu ambazo mtu fulani aliziandika na kuamua zifanye nini. Daktari anasoma vipimo vilivyopitia programu. Mwandishi wa habari anashughulika na takwimu zilizochambuliwa na programu. Anayejua programu inavyotengenezwa anaweza kuihoji, asiyejua anaipokea kama ilivyo.

Mfano ni kazi ya watafiti wa kompyuta Joy Buolamwini na Timnit Gebru iliyochapishwa mwaka 2018. Walipima programu tatu za kibiashara zilizodai kutambua jinsia ya mtu kwa kuangalia picha ya uso. Kwa wanaume wenye ngozi nyeupe, makosa hayakufika hata 1%. Kwa wanawake wenye ngozi nyeusi, programu iliyofanya vibaya zaidi ilikosea karibu 35%. Programu hizo zilikuwa sokoni tayari. Walioligundua kosa ni wanawake weusi waliojua pa kuangalia.

3. Mbona wasichana tu? Wavulana wamekosa nini?

Hawajakosa kitu, na hakuna anayetaka kuwatoa darasani. Mkazo uko kwa wasichana kwa sababu wao ndio wanaopungua njiani. Ripoti ya UNESCO ya mwaka 2017 ilionyesha kwamba duniani kote, kati ya wanafunzi wa kike walio katika elimu ya juu, ni takriban 3% tu wanaosomea teknolojia ya habari na mawasiliano.

Hali haikuwa hivi siku zote. Nchini Marekani, katikati ya miaka ya 1980, wanawake walikuwa kama 37% ya waliohitimu shahada ya kwanza ya sayansi ya kompyuta. Miaka ishirini na ushei baadaye walikuwa wameshuka hadi kama 18%. Maumbile ya binadamu hayabadiliki kwa kasi hiyo. Maelezo yanayokubalika na wengi ni haya: kompyuta ziliingia majumbani, zikatangazwa kama vitu vya wavulana, na familia nyingi zikaziweka kwenye chumba cha mtoto wa kiume. Wavulana wakafika chuoni wakiwa wamezizoea kwa miaka. Wahadhiri wakaanzia somo pale walipofikia wavulana hao, na msichana aliyekuja bila uzoefu akadhani tatizo ni akili yake.

4. Lakini si kweli kwamba mashine ni mambo ya wanaume kwa asili?

Historia inakataa. Mwaka 1843 Ada Lovelace alichapisha maelezo kuhusu mashine iliyobuniwa na Charles Babbage, na humo akaonyesha hatua ambazo mashine ingefuata kukokotoa namba za Bernoulli, ambazo ni mfuatano maalumu wa namba katika hisabati. Wengi wanayahesabu maelezo hayo kuwa programu ya kwanza kuchapishwa, ingawa mashine yenyewe haikuwahi kukamilika.

ENIAC, moja ya kompyuta za mwanzo kabisa za kielektroniki, ilipoonyeshwa hadharani Marekani mwaka 1946, walioipangia kazi walikuwa wanawake sita: Kay McNulty, Betty Jennings, Betty Snyder, Marlyn Wescoff, Fran Bilas na Ruth Lichterman. Hapakuwa na kitabu cha kuwaelekeza. Walijifunza mashine kutoka kwenye michoro yake, kisha wakaipanga kwa mikono, waya kwa waya na swichi kwa swichi. Mwaka 1952 Grace Hopper alikuwa na programu iliyokusanya na kugeuza maelekezo kuwa lugha ya mashine, na kazi yake ikafungua njia ya lugha za kuprogramu zinazotumia maneno ya kawaida. Margaret Hamilton aliongoza timu iliyoandika programu za vyombo vya Apollo, vilivyofikisha watu mwezini mwaka 1969.

Kwa nini wanawake? Kwa sababu wakati huo kuprogramu kulionekana ni ukarani. Kazi ilipopanda hadhi na mshahara, ndipo ilipoanza kuhesabiwa ya wanaume.

Tukija kwenye zama zetu, ICILS, ambao ni utafiti wa kimataifa unaopima ujuzi wa kompyuta wa wanafunzi wa darasa la nane, ulionyesha mwaka 2018 kwamba kwa wastani wasichana waliwapita wavulana katika kutumia kompyuta kutafuta na kuandaa taarifa. Katika kupanga hatua za kutatua tatizo kwa kompyuta, wavulana walitangulia kwa tofauti ndogo sana.

5. Hisabati yake ni dhaifu. Asijaribu?

Ajaribu. Kwa miaka ya mwanzo anahitaji kujumlisha, kulinganisha namba na kupanga mambo kwa mfuatano. Mara nyingi inakuwa kinyume cha wanavyohofu wazazi: pembe zilizomchosha ubaoni zinaanza kuwa na maana anapozihitaji ili mchoro wake ukamilike. Baadaye, akitaka kujenga michezo ya pande tatu au mifumo ya akili mnemba (AI), atahitaji hisabati zaidi. Wakati huo atakuwa na sababu yake mwenyewe ya kuisoma.

6. Aanze akiwa na umri gani?

ScratchJr, ambayo ni ya kuprogramu kwa vipande vya picha, ilitengenezwa kwa watoto wa miaka 5 hadi 7, ambao wengine hawajajua kusoma vizuri. Scratch, iliyoelezwa kwenye swali la 7, ililengwa hasa kwa miaka 8 hadi 16. Lugha za kuandika kwa maneno, kama Python, zinawafaa wengi kuanzia miaka 11 au 12.

Umri wa kuchunga zaidi ni ule wa kuvuka kutoka shule ya msingi kwenda sekondari. Hapo ndipo msichana aliyekuwa akicheza na kompyuta bila wasiwasi anaanza kujiuliza wenzake watamwonaje. Na msichana wa miaka 16 ambaye hajawahi kugusa kibodi asiambiwe kwamba amechelewa. Hajachelewa.

## Kuanza

7. Tuanze na lugha gani?

Kwa anayeanza kabisa, Scratch. Ilitolewa mwaka 2007 na maabara ya MIT Media Lab, haina malipo, na maelekezo yake ni vipande vya rangi vinavyoburutwa na kupachikwa pamoja. Hakuna alama ya nukta iliyosahauliwa inayoweza kuangusha programu nzima, kwa hiyo akili yote ya mwanafunzi inabaki kwenye mantiki.

Akishaweza kutumia marudio, masharti na vigeugeu (majina ya kuhifadhia thamani zinazobadilika) bila kuuliza, mpeleke Python. Kama shule ina vifaa kidogo, micro:bit inafaa sana hapa katikati. Ni kibao cha kielektroniki kilicho kidogo kuliko kiganja, chenye taa 25 na vitufe viwili, na kinapokea programu za vipande na za maneno pia. Programu inatoka kwenye skrini na kuwa kitu anachokishika.

Usipoteze muhula mzima ukibishana ni lugha ipi bora. Lugha ya pili hujifunzwa kwa wepesi kuliko ya kwanza, iwe ipi.

8. Shule ina kompyuta chache, au haina kabisa. Tufanyeje?

Kama hakuna kabisa, mengi ya msingi yanafundishika kwa karatasi, chaki na miili ya wanafunzi. Tim Bell wa Chuo Kikuu cha Canterbury, New Zealand, na wenzake walitengeneza mkusanyo wa mazoezi ya namna hiyo uitwao CS Unplugged, na ni bure. Zoezi moja linapendwa kila mahali. Wanafunzi watano wanasimama mstari mmoja wakiwa na kadi zenye nukta 16, 8, 4, 2 na 1. Anayetakiwa kuhesabiwa anaonyesha nukta, asiyehitajika anageuza kadi. Namba 19 ni kadi ya 16, ya 2 na ya 1. Ndani ya robo saa darasa limeelewa jinsi kompyuta inavyohifadhi namba kwa sifuri na moja.

Jingine ni la "mwanafunzi roboti": mmoja anafumba macho na kufuata maelekezo yaliyoandikwa na mwenzake kutoka mlangoni hadi dirishani. Maelekezo mabovu yanajionyesha papo hapo, roboti ikigonga dawati.

Kama kompyuta zipo lakini chache, kaeni wawili wawili. Watatu ni wengi, maana wa tatu anakuwa mtazamaji, na mara nyingi mtazamaji huyo ni msichana. Soma jibu la swali la 12 kabla ya kupanga viti.

9. Simu inatosha?

Inatosha kuonja, haitoshi kuendelea. Zipo programu za simu za kujifunzia Python, na ScratchJr inakwenda vizuri kwenye kishikwambi. Lakini kuandika programu ndefu kwa kidole gumba kunachosha, na anayechoka hudhani hapendi kuprogramu kumbe hapendi kile kioo kidogo. Simu iwe ya kurudia mazoezi, kompyuta ya shule iwe ya miradi.

10. Kiingereza chake si kizuri. Atakwama?

Hapo mwanzo, hapana. Scratch inaweza kubadilishwa lugha, na Kiswahili kimo kwenye orodha yake. Maneno maalumu ya Python hayafiki 40, na majina ya vitu anavyovitengeneza anayatunga mwenyewe: anaweza kuviita vigeugeu vyake umri, jumla au jina_la_mchezaji, na programu itafanya kazi vilevile. Nawashauri walimu wawaruhusu. Mwanafunzi anayesoma programu iliyojaa majina ya lugha yake anaona wazi yapi ni ya Python na yapi ni yake.

Ugumu unaanza kwenye ujumbe wa makosa, ambao kwa kawaida huja kwa Kiingereza. Bandikeni ukutani ujumbe unaojirudia zaidi, kila mmoja na maana yake kwa Kiswahili. Wanafunzi waandike orodha hiyo wenyewe, na iongezeke kila wanapokutana na mpya.

11. Mimi ni mwalimu na sijui kuprogramu. Naweza kuongoza klabu?

Unaweza, mradi usijifanye unajua. Fanya zoezi la wiki mwenyewe kabla ya wanafunzi, hata ukiwatangulia kwa siku moja tu. Wakikuuliza usilolijua, sema "tulitafute pamoja", kisha mlitafute kweli, mbele yao, kwa sauti. Wasichana wengi wanaamini mtu anayejua kompyuta hakosei kamwe. Kumwona mwalimu wanayemheshimu akijaribu, akikosea na kurekebisha bila aibu kunawafundisha jambo ambalo mtaalamu aliyealikwa kwa saa moja hawezi kuwafundisha.

## Darasani na klabuni

12. Darasani wavulana ndio wanaoshika kibodi. Nifanyeje?

Kama ningejibu swali moja tu kwenye ukurasa huu, ningejibu hili.

Kaa nyuma ya darasa dakika tano usiseme kitu. Chora meza zote kwenye karatasi na uweke alama kwa kila aliyeshika kibodi au kipanya. Fanya hivyo tena baada ya robo saa. Katika makundi ya mchanganyiko utakuta mara kwa mara sura ileile: mvulana yuko kwenye mashine, msichana ana daftari. Yeye ndiye anayeandika ripoti, anayepamba bango, na anayesimama kuwasilisha mwishoni kwa sababu anaongea vizuri. Mwalimu anamwona yuko mbele ya darasa na anafurahi kwamba wasichana wanashiriki. Kumbe muhula mzima hajaandika hata mstari mmoja.

Dawa yake ni utaratibu. Kuwahimiza kwa maneno tu hakutoshi. Wawili wakae kwenye kompyuta moja. Mmoja anaandika, mwingine anaelekeza na kukagua, naye haruhusiwi kugusa kibodi. Kila baada ya dakika 10 mwalimu anapiga makofi na wote wanabadilishana, hata kama kazi iko katikati. Watalalamika siku za mwanzo. Endelea nao, kwa kuwa ukiacha kubadilishana kuwe kwa hiari, mwenye mazoea ataendelea kushika na mwenye haya ataendelea kutazama.

Pia gawa majukumu ya mradi kwa zamu. Aliyepamba bango safari hii, safari ijayo anaandika programu.

13. Klabu iwe ya wasichana peke yao au ya mchanganyiko?

Kwa maoni yangu, anzeni na ya wasichana peke yao kwa mwaka wa kwanza, kisha muwe na miradi ya pamoja. Mahali ambapo wote ni wanaoanza na wote ni wasichana, hakuna anayejiona anawakilisha jinsia nzima anapokosea. Lakini wakibaki peke yao hadi mwisho, chuo na kazi vitawakuta hawajazoea kubishana juu ya programu na mvulana anayeongea kwa kujiamini kuliko anavyojua.

Kama shule haiwezi kuwa na klabu mbili, tengeni siku. Na angalieni saa. Klabu inayokwisha jioni sana inawapoteza wasichana kwanza, ama kwa usalama wa njiani ama kwa kazi zinazowasubiri nyumbani. Msiipange pia saa ileile ya mchezo au kwaya yenye wasichana wengi, halafu mkahitimisha kwamba hawapendi kompyuta.

14. Amekwama na ananiangalia. Nimsaidieje bila kumfanyia?

Weka mikono nyuma. Kwa kweli, iweke nyuma. Ukichukua kipanya ukarekebisha kwa sekunde kumi, umemfundisha kwamba makosa yake yanahitaji mtu mwingine.

Tuchukue kosa ambalo karibu kila anayeanza hulifanya. Anataka kuchora pembetatu yenye pande sawa. Amejifunza kwenye hisabati kwamba kila pembe yake ni digrii 60, kwa hiyo anaandika: rudia mara 3, nenda hatua 100, geuka digrii 60. Pembetatu haitokei. Inatokea mistari mitatu iliyoungana bila kufunga umbo, kama nusu ya umbo la pembe 6. Usimwambie "weka 120". Muulize maswali mawili: ulitaka ifanye nini, na imefanya nini? Kisha mwambie asimame aitembee pembetatu hiyo sakafuni. Akifika kona ya kwanza atahisi mwili wake unageuka sana, zaidi ya robo ya mzunguko. Anayetembea hugeuka kwa pembe ya nje, siyo ya ndani. Atarudi kwenye kompyuta mwenyewe, na 120 itakuwa yake.

Akishafaulu, msifu kwa alichofanya: "umeitembea kwanza ndipo ukahesabu". Kumwambia ana akili kunamfanya aogope kazi ngumu inayofuata, isije ikaonyesha kwamba hana.

15. Miradi gani inawavutia wasichana? Lazima iwe ya mavazi na urembo?

La hasha. Kuipaka programu rangi ya waridi ni kukisia, na wengi wanatambua wanapokisiwa. Waulize. Mmoja atataka mchezo wa kurusha makombora, mwingine programu ya kukumbusha bibi yake kumeza dawa, mwingine jaribio la maswali ya sayansi la kuwatesa rafiki zake. Kinachowavuta wengi ni mradi wenye mtu wa kuutumia. Jaribio la maswali litakalochezwa na darasa la chini Ijumaa lina uzito ambao zoezi la kitabuni halina, na Ijumaa ikifika, makosa yataletwa na wachezaji wenyewe.

16. Wachache wana uzoefu tayari na wanawatisha wengine. Niwatenganishe?

Ndiyo, inapowezekana. Chuo cha Harvey Mudd nchini Marekani kiligawa somo la kwanza la kompyuta kwa uzoefu, ili anayeanza asikae karibu na anayemaliza zoezi kabla halijasomwa. Hiyo ilikuwa hatua mojawapo kati ya kadhaa, na ndani ya miaka kama mitano wanawake waliochagua fani hiyo walipanda kutoka takriban 10% hadi takriban 40%. Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon nacho kilibadili namna ya kudahili na kufundisha, na wanawake kati ya wanaoanza sayansi ya kompyuta wakapanda kutoka 7% mwaka 1995 hadi 42% mwaka 2000. Havikuwasubiri wasichana wabadilike. Vilibadili mlango.

Shuleni, kama chumba ni kimoja, wape wenye uzoefu kazi ngumu zaidi ya pembeni, na weka sheria kwamba swali la mtu halijibiwi kwa "hilo nalo hulijui?"

17. Kuta za chumba cha kompyuta zina umuhimu wowote?

Zinao. Mwaka 2009 mtafiti Sapna Cheryan na wenzake walichapisha majaribio ambapo wanafunzi wa chuo waliingizwa kwenye chumba chenye mabango ya sinema za anga na vitu vya michezo ya video, au chumba chenye picha za mandhari na vitu vya kawaida. Wanawake walioingia chumba cha kwanza walionyesha hamu ndogo zaidi ya kusomea kompyuta kuliko wale wa chumba cha pili. Kwa hiyo ondoeni kinachosema "hapa ni pa watu wa aina fulani", na mbandike kazi za wanafunzi wenu, za wasichana kwa wavulana.

18. Mashindano na siku maalumu vinasaidia?

Vinasaidia kama kuna kitu cha kuendelea nacho kesho yake. Siku ya Kimataifa ya Wasichana katika TEHAMA, inayoratibiwa na ITU, shirika la Umoja wa Mataifa la mawasiliano, huadhimishwa Alhamisi ya nne ya Aprili. Technovation Girls huwashindanisha wasichana wa miaka 8 hadi 18 kutengeneza programu za kutatua tatizo la jamii yao. Kwa waliobobea, Ulaya ipo olimpiadi ya kuprogramu ya wasichana, EGOI, iliyoanza mwaka 2021 ikiandaliwa na Zürich, Uswisi, na nchi za nje ya Ulaya pia zimekuwa zikialikwa.

Msimpeleke kwenye mashindano msichana aliyeanza mwezi uliopita. Siku moja ya kushindwa vibaya mbele ya watu inaweza kufuta kazi ya muhula.

## Nyumbani

19. Sijui kompyuta hata kidogo. Nimsaidieje binti yangu?

Mwombe akuonyeshe alichotengeneza, kisha ukitumie mwenyewe. Cheza mchezo wake. Bonyeza mahali asipotarajia, muulize kwa nini imekataa. Akikueleza, anajifunza mara mbili. Na kama nyumbani kuna kompyuta moja, andikeni zamu zake na mzifuate, maana bila zamu kaka yake ataizoea peke yake, na unajua sasa hilo linaishia wapi (swali la 3).

20. Nahofia usalama wake mtandaoni.

Hofu hiyo ina msingi, lakini jibu lake ni kumfundisha. Kumfungia nje hakumlindi. Jina la akaunti lisiwe jina lake halisi. Picha yake, jina la shule na mahali anapoishi visionekane kwenye mradi wowote. Kwenye Scratch mradi unaweza kubaki bila kushirikishwa kwa umma, na ukishirikishwa, maoni yanaweza kuzimwa. Mkubaliane mapema kwamba mtu akimwandikia jambo la kumsumbua atakuambia, na kwamba akikuambia hutamnyang'anya kompyuta. Bila ahadi hiyo ya pili, ataficha.

## Hali zisizo za kawaida

21. Akili mnemba inaandika programu yenyewe siku hizi. Bado kuna haja?

Ipo. Akili mnemba huandika haraka, na hukosea kwa lugha ya kujiamini. Lazima awepo mtu wa kusoma alichopewa na kusema "hapa si kweli". Programu za kwanza aziandike mwenyewe. Baadaye aruhusiwe kuuliza maana ya ujumbe wa kosa au kuomba maelezo, kwa sharti moja: mstari asioweza kuueleza kwa maneno yake hauingii kwenye mradi.

22. Mwanafunzi wetu haoni. Anaweza kushiriki?

Anaweza, na asiwekwe pembeni "kusikiliza". NVDA ni programu ya bure inayosoma skrini kwa sauti. Waanzilishi wake, Michael Curran na James Teh wa Australia, wenyewe hawaoni, na sehemu kubwa ya NVDA imeandikwa kwa Python. Kwa sababu hiyo mwanzishe na Python, kwani vipande vya kuburuta vya Scratch vinamtegemea sana mtu anayeona. Kwenye mipangilio ya NVDA washeni taarifa ya nafasi za mwanzo wa mstari, kwa kuwa katika Python nafasi hizo ni sehemu ya maana. Kwa kanuni ya wawili wawili (swali la 12), naye ana zamu yake kamili kwenye kibodi.

23. Amekejeliwa na wenzake, na sasa anasema anaacha.

Shughulikia kejeli kwanza, siku hiyohiyo, na ushughulike na aliyekejeli. Usimwite msichana kumshauri "awe jasiri" huku aliyemuumiza akiendelea na somo. Kisha mpe wiki moja au mbili bila shinikizo, na umwombe rafiki yake aliye klabuni amwite kwenye mradi mmoja mdogo. Kuitwa na mwenzake kunamrudisha kirahisi kuliko kuitwa na mwalimu.

24. Na kama hapendi kweli?

Mwachie aende. Tofautisha tu mambo mawili. Anayesema "nimeona ni nini, napenda zaidi kemia" amechagua. Anayesema "siwezi" bado hajachagua, na inafaa uangalie alipata zamu ngapi kwenye kibodi kabla ya kufikia uamuzi huo.

25. Tutajuaje kama tunafanikiwa?

Idadi ya waliojiandikisha ni kipimo dhaifu. Pimeni wangapi wamerudi muhula wa pili, wangapi wana mradi walioumaliza wenyewe, na wangapi wanaweza kuufungua mbele yako na kueleza mstari wowote utakaounyooshea kidole. Rudieni ile karatasi ya meza na alama (swali la 12) kila baada ya wiki nne, mzitunze zote kwenye jalada moja, na mziweke mezani kwenye kikao cha walimu mwisho wa muhula. Kama alama za wasichana hazijaongezeka, badilisheni mpangilio wa viti na zamu kabla ya kununua kifaa kingine chochote.